Shangazi, pua yangu ina nundu na nimepewa tarehe ya kuikata Istanbul wiki tatu kabla ya harusi

Shikamoo shangazi, pole na majukumu. Mi ni msichana wa miaka 27, kwetu Tanga ila sa hivi nipo Dar nafanya kazi ya makaratasi kwenye ofisi moja ya mizigo. Nimechumbiwa na harusi ni Disemba inshallah. Naomba usinichoke mana barua yangu ni ndefu kidogo.

Shida yangu ni pua. Ina nundu hapa katikati ya mwamba, ukinitazama kwa mbele haionekani sana ila nikigeuka upande tu unaiona. Kwa upande wa baba wanayo karibu wote, baba mwenyewe, bibi mzaa baba, mashangazi zangu wawili, yani ni pua ya ukoo, na utotoni yangu ilikua ndogo tu hakuna mtu alikua anaizungumzia. Sasa nilipokua form three tulikua tunacheza netiboli, mwenzangu akaruka kudaka mpira kiwiko chake kikanipata puani. Damu zilitoka nyingi sana, pua ikavimba mpaka macho yakafunga, matroni akaniwekea barafu akanipa panadol nikalala bwenini, hospitali sikupelekwa. Uvimbe uliposhuka nikakuta nundu imekua kubwa kuliko mwanzo na pua yenyewe imeegemea kushoto. Toka hapo ndo majina yakaanza, kasuku, tai, na mpaka leo kwenye grupu la WhatsApp la shule kuna watu wananiita kasuku na wanaona ni utani tu.

Kitu kingine sijui kama kinahusika, tundu ya kulia inaziba kila siku, nalala mdomo wazi, mdogo wangu ninayelala nae anasema nakoroma kama mwanaume. Mi nilijua ni mafua ya vumbi la Dar. Huwa natumia yale matone ya kufungua pua ya kununua famasi bila cheti, naweka kila usiku, ni miaka mingi sasa, nisipoweka silali.

Sasa nimekutana na ajenti mmoja mtandaoni anayepeleka watu Istanbul. Nikamtumia selfi tatu na jioni yake akanirudishia picha yangu nikiwa na pua imenyooka, shangazi nililia machozi. Bei ni dola 3,200 kila kitu ndani, operesheni, hoteli siku tano, gari la kunipokea airport na mkalimani. Nikimuuliza daktari ni nani ananiambia ni timu nzima ya mabingwa. Anataka nitangulize dola 500 kabla ya mwezi kuisha mana nafasi zinajaa, na tarehe aliyonipa ni wiki tatu kabla ya harusi ili siku yenyewe nitokee na pua mpya. Hela ninayo, ni ya kikoba na nyingine nimedunduliza mwenyewe.

Mama nilipomwambia akaniambia namkosoa Mungu, hajaongea na mimi vizuri mpaka leo. Mchumba wangu anasema yeye haoni tatizo lolote, akaniuliza namtengenezea nani. Rafiki yangu nae anasema niache yote hayo, kuna dada kwenye saluni moja hapa mjini anachoma sindano ya fila, dakika kumi nundu imepotea bila kisu.

Nisaidie shangazi. Hii nundu ni nini hasa, ni mfupa tu wanausaga au kuna zaidi? Nitakua nimepona mpaka harusi? Fila je? Na ni dhambi kweli? Niko tayari kuambiwa ukweli.

Binti wa Tanga

*

Marahaba mwanangu. Wanaonisoma siku zote wanajua nilikua nesi wa tieta kabla sijastaafu, kwaiyo hapa utanivumilia nikirefusha, mana mambo ya pua nimeyaona kwa macho yangu na watu wanaharibiwa pua zao kila kukicha kwa kukosa mtu wa kuwaambia vitu vya kawaida kabisa.

Kabla ya nundu naanza na ile tundu ya kulia. Wewe umeitaja kama jambo la pembeni, mimi naiona ndo habari yenyewe. Mtu aliyepigwa kiwiko puani, pua ikalala upande mmoja, na toka hapo tundu ya upande wa pili haipitishi hewa, huyo kwa asilimia kubwa ukuta wa katikati ya pua umepinda au umevunjika ukapona vibaya. Sio vumbi la Dar. Na juu yake umeweka tatizo la pili bila kujua, hayo matone. Dawa za namna hiyo zinabana mishipa ya damu ndani ya pua ndo mana unapata hewa hapo hapo, lakini hazikutengenezwa kwa ajili ya kutumika zaidi ya siku 5 mpaka 7, ukizidisha mishipa inazoea, dawa ikiisha nguvu nyama za ndani zinavimba kuliko zilivyokua mwanzo, unaweka tena, zinavimba tena, mwisho pua inaziba kwa sababu ya dawa yenyewe. Usiku wa kwanza bila matone utaona unakufa, najua. Madaktari wengi wanashauri uache tundu moja kwanza huku nyingine ukiendelea, ikishatulia ndo unaacha ya pili, na daktari anakuandikia dawa ya kupuliza ya kushusha uvimbe ambayo ni aina tofauti kabisa na hiyo. Usijiandikie mwenyewe. Nenda kwa daktari wa masikio, pua na koo, hapo Dar Muhimbili wapo, na wanaosoma hii wakiwa kaskazini au kanda ya ziwa KCMC Moshi na Bugando Mwanza wapo pia. Akuingizie kamera ndani aone ukuta ulivyo. Hilo fanya mwezi huu, harusi iwepo isiwepo, Istanbul uende usiende.

Sasa nundu. Hapana mwanangu, sio mfupa tu. Weka kidole juu kabisa kati ya macho ushuke taratibu, pale juu ni pagumu, hauchezi, huo ndo mfupa. Endelea kushuka, ukifika katikati utasikia panaanza kubonyea kidogo, hapo mfupa umeisha imeanza gegedu, ile nyama ngumu inayopinda kama ya sikioni, na inaenda hivo mpaka kwenye ncha. Nundu ya pua inakaa kwenye makutano hayo hayo, kwa juu ni mfupa na kwa chini ni gegedu, na kwa watu wengi sehemu kubwa ya nundu ni gegedu wala sio mfupa. Yani anayekwambia "tunasaga tu mfupa" hajakwambia hata nusu ya kazi. Halafu ngozi ya pua haina unene mmoja, juu kati ya macho ni nene, kwenye ncha ni nene, lakini hapo hapo kwenye nundu ndo nyembamba kuliko kote, kwaiyo daktari akiacha kingo au kimkwaruzo chochote chini yake kitakuja kuonekana uvimbe ukishaisha, hakuna nyama ya kukificha.

Kwako wewe naona sababu mbili zimekutana. Moja ni hiyo ya ukoo, umerithi kwa baba, na hiyo haina ugonjwa wowote, ni umbo. Ya pili ni kile kiwiko. Mifupa ya pua ikivunjika na isirudishwe mahali pake inaungana vile vile ilivyolala, na pale ilipoungana panaweza kuvimba na kubaki juu. Mifupa hiyo inarudishwa kirahisi sana, kwa mtu mzima ndani ya wiki mbili hivi, kwa mtoto mapema zaidi mana wao wanaunga haraka, ikishapita hapo ndo inakua mambo ya kuvunja upya tieta. Matroni wako simlaumu kwa roho mbaya, alifanya alichokijua, ila nawaomba walimu wa michezo, matroni na wazazi wote wanaosoma hapa wanisikilize vizuri: mtoto akipigwa pua ikavimba, mwangalie ndani na tochi. Ukiona ukuta wa kati umevimba umekua kama kiputo chekundu au cha zambarau, laini, kimeziba tundu moja au zote mbili, na mtoto analalamika maumivu yanazidi na hapumui, hiyo ni damu imeganda imetenganisha ngozi ya ndani na gegedu na lazima itolewe siku hiyo hiyo. Gegedu haina mishipa yake ya damu, inalishwa na ngozi iliyoifunika, ikitenganishwa inaanza kufa ndani ya siku chache tu, na hapo pua inadidimia katikati mazima. Barafu na panadol havisaidii kitu hapo. Wewe Mungu alikulinda, pua haikudidimia.

Kuna na nundu za uongo. Kuna mtu sehemu ya juu kati ya macho iko chini sana, kuna mtu ncha ya pua imeinama, basi katikati panaonekana pamenyanyuka wakati hapajanyanyuka kitu. Huyo ukimkata mwamba umemwonea, alitakiwa anyanyuliwe ncha au ajazwe kidogo juu. Ndo mana daktari wa kweli anakupima kwa kukushika pua, kukupiga picha za pande zote na kukuangalia ndani, haamui kwa selfi. Na selfi zenyewe zinadanganya, kuna daktari wa Marekani na wenzake walipiga hesabu wakachapisha mwaka 2018, picha iliyopigwa kama sentimita 30 kutoka usoni inaonyesha pua imetanuka kwa karibu asilimia 30 zaidi ya picha ya mita moja na nusu. Kwaiyo hiyo pua uliyomtumia ajenti sio hata pua yako halisi. Na ile aliyokurudishia ni ya kompyuta, haina mfupa haina hewa.

Nikwambie sasa inavyofanyika. Unalazwa nusu kaputi, inachukua kama saa moja na nusu mpaka tatu, na pua iliyovunjika ikapona vibaya kama yako mara nyingi inachukua zaidi. Kuna njia ya kufanyia kila kitu kwa ndani bila kovu nje, na kuna njia ya kufungua, wanachana kidogo ile nyama nyembamba inayotenganisha tundu mbili kwa chini wanainua ngozi wanaona kila kitu wazi, na pua zilizopinda wengi wanapenda kuzifungua. Gegedu iliyozidi inakatwa, mfupa unachongwa kwa patasi ndogo au tupa, siku hizi kuna na mashine za mtetemo zinazokata mfupa bila kuchana nyama za pembeni. Hapo nundu imetoka. Ila tulia kidogo, mana hapa ndipo pua nyingi zinapoharibikia.

Ile nundu ni paa. Kuta mbili za pua zimeegemea pale juu, ukiliondoa paa unabaki na uwazi katikati, na mtu akikugusa anausikia huo uwazi chini ya ngozi. Ndo mana baada ya kutoa nundu daktari anaikata mifupa ya pembeni kwa makusudi anaisogeza ndani ikutane, na hiyo ndo inayoleta macho kuvimba na kuwa meusi. Kwa chini kwenye gegedu ni hatari zaidi, mana pale ndani kuna mlango mwembamba kuliko sehemu yote ya njia ya hewa, pembe yake ni kama digrii 10 mpaka 15 tu. Paa la gegedu likiondolewa likaachwa hivo hivo, kuta zinaangukia ndani taratibu, mwaka wa kwanza pua nzuri, miaka inaenda hewa inapungua, na kwa nje inaonekana alama ya V iliyopinduliwa chini ya ngozi. Daktari mmoja wa Marekani, Jack Sheen, mwaka 1984 alieleza namna ya kulijenga upya paa hilo kwa kuweka vijiti viwili vyembamba vya gegedu pembeni ya ukuta wa kati, gegedu yenyewe inachukuliwa humo humo kwenye ukuta, isipotosha inatoka sikioni au kwenye ubavu. Njia hiyo na zilizotokana nayo zinatumika mpaka leo dunia nzima. Na kuna njia nyingine iliyorudi kwa nguvu miaka hii, paa halikatwi kabisa, wanapunguza ukuta chini yake halafu pua nzima inashushwa ikiwa na mwamba wake, ni wazo la zamani la zaidi ya miaka mia moja lakini limeboreshwa. Ni nzuri kwa mtu mwenye nundu ya kuzaliwa na pua iliyonyooka, kwa pua iliyovunjika na kuegemea kama yako sio kila mara inafaa, hilo atasema daktari aliyekushika.

Kwaiyo mwanangu swali la kumuuliza daktari yeyote, awe wa Dar, Nairobi, India au Istanbul, ni hili: ukishatoa nundu yangu, katikati utapajengaje ili nipumue? Akikujibu kwa utulivu, akakuchorea kwenye karatasi, kaa nae. Akikwambia usijali wewe utatoka mrembo, chukua pochi yako uondoke. Muulize pia ukuta uliopinda ataunyoosha kwenye operesheni hiyo hiyo au la, mana kwa mtu kama wewe inawezekana kabisa vikafanyika pamoja, na itakua vibaya mno ulipe hela yote hiyo unyooshewe nje ubaki umeziba ndani, halafu gegedu ya ukuta iwe imeshatumika. Muulize na ambao hawakuridhika anawafanyaje, mana hata kwa mabingwa wagonjwa wanaorudi kurekebishwa ni kama asilimia 5 mpaka 15, na kurekebisha kunasubiri mwaka mzima au zaidi, pua ya pili ni ngumu kuliko ya kwanza. Bado kuna kutoka damu, maambukizi, ganzi kwenye ncha inayochukua miezi, ukuta kutoboka. Na kama kwenu mna makovu yanayoota mwambie mapema.

Istanbul siisemi vibaya. Uturuki ina madaktari wa pua wazuri sana, wengine ndo wanafundisha wenzao duniani. Tatizo langu ni hiyo pakeji. Plasta ngumu ya juu ya pua inatolewa baada ya kama siku 7, wewe hoteli ni siku tano, nani atakutoa? Damu inaweza kurudi kutoka hata siku ya kumi, utakua uko wapi, na atakayekuona Dar atajua nini kilifanyika ndani wakati huna hata jina la daktari? Timu ya mabingwa haina jina la kutafuta. Daktari ana jina lake na namba ya usajili, hapa kwetu unaulizia Baraza la Madaktari Tanganyika, Kenya wana baraza lao la madaktari na wa meno, nje unaweza kuangalia kama yumo kwenye chama cha kimataifa cha madaktari wa upasuaji wa urembo, ISAPS. Ajenti asiyetaja jina na anayekuharakisha na tarehe ya mwisho wa mwezi anauza tiketi. Dola 500 usizitume.

Harusi. Hapana. Wiki tatu baada ya operesheni weusi wa macho utakua umeisha, nakubali, lakini pua itakua bado imejaa, ncha ngumu, haitaki kuguswa, na wewe una kitchen party, sendoff, na harusi yenyewe, watu wote Tanga hiyo wanakuvuta wakubusu, watoto wanakurukia, mashangazi wanakukumbatia mpaka miwani inaruka, mekapu inasuguliwa na sponji hapo hapo kwenye mwamba. Mifupa inahitaji wiki 6 hivi ili ishike. Wiki mbili za mwanzo hata kupenga kamasi hairuhusiwi, unalala umeinua kichwa, na kama unavaa miwani haitakiwi ikalie mwamba kwa wiki 4 mpaka 6. Uvimbe mwingi unashuka miezi ya mwanzo ila umbo la mwisho unaliona baada ya mwaka, ngozi ikiwa nene inaweza kwenda mwaka na nusu au miwili. Sasa picha za harusi ambazo utaziweka ukutani maisha yako yote unataka ziwe za pua ambayo bado haijawa pua? Olewa kwanza. Mwakani kama bado unataka, utaifanya ukiwa umetulia, na ndani hapo hapo utakua umeshatibiwa yale matone.

Huyo dada wa saluni mkimbie. Fila haipunguzi nundu, inajaza juu na chini yake ili isionekane, kwaiyo pua inakua kubwa, na inayeyuka baada ya miezi kadhaa mpaka mwaka au zaidi kidogo. Lakini kinachonitisha ni mishipa. Mishipa ya pua imeungana na ya macho, dawa ikiingia kwenye mshipa wa damu badala ya chini ya ngozi inaweza kuziba, ngozi ya pua ikaoza, au ikarudi mpaka kwenye jicho mtu akapofuka hapo hapo kitandani. Ni nadra, ila pua ni moja ya sehemu hatari kabisa za uso kwa sindano hiyo. Kuna dawa ya kuyeyusha fila za aina ya hayaluroniki, inatakiwa iwepo mezani, pamoja na daktari anayejua kuitumia ndani ya dakika chache. Saluni hawana. Na zile klipu za kubana pua zinazouzwa mtandaoni nazo usipoteze hela yako, mfupa na gegedu ya mtu mzima havifinyangwi kwa klipu.

Kuhusu mama yako mzazi. Mi sio sheikh na sitakutolea fatwa, lakini nenda kwa mnayemwamini mkiwa pamoja wewe na mama, na umweleze yote mawili, umbo na ajali na kutokupumua, usimpe nusu ya maneno. Wanachuoni wengi wanatofautisha kubadili umbo kwa ajili ya urembo tu na kutibu kilichoharibika au kinacholeta madhara. Kwenye vitabu vya Abu Dawud na Tirmidhi kuna habari ya Arfaja bin As'ad, alikatika pua siku ya vita vya Kulab, akatengeneza ya fedha ikawa inanuka, Mtume (s.a.w.) akamuamuru aweke ya dhahabu. Mwonyeshe mama hiyo. Nadhani kilichomuumiza ni kusikia Istanbul na dola kabla hajasikia kwamba mwanae hajalala vizuri toka form three, kama hujawahi kumwambia mwambie.

Mchumba alipokuuliza unamtengenezea nani sidhani alikua na ubaya. Jijibu mwenyewe. Sio aibu kutaka pua inyooke, daktari mmoja wa Berlin, Jacques Joseph, mwaka 1898 alimpunguza pua kijana aliyekua anaona haya hata kutoka mbele za watu, na hapo hakukuwa na simu wala selfi, kwaiyo maumivu haya ni ya zamani na ni ya kweli. Mi sikudharau hata kidogo. Ila kama unajitazama kwenye kioo mara nyingi mpaka kazi zinalala, unakwepa kutoka, unaona watu wote barabarani wanaangalia pua tu, basi kabla ya kisu ongea na mtaalamu wa saikolojia, mana mwenye hali hiyo akifanyiwa operesheni anahamisha huzuni kutoka nundu kwenda kitu kingine. Barua yako haijanionyesha hivo, imenionyesha mtu aliyechoka kuitwa kasuku. Toka kwenye hilo grupu leo, au waandikie waziwazi kwamba hulitaki hilo jina. Una miaka 27, hawakudai kitu.

Hela yako iache kikoba. Ya kwanza kutumika iwe ya kumwona daktari wa pua, na ukimaliza muombe akuandikie ripoti ya ukuta na kuziba kwa hewa, mana bima kwa kawaida hazilipi urembo lakini kunyoosha ukuta uliopinda ili mtu apumue ni matibabu, waulize bima yako kwa maandishi ukiwa na ripoti mkononi. Kama utafika kwenye operesheni, sigara na shisha marufuku mwezi mzima kabla na mwezi baada, aspirini na ibuprofeni unaacha kama wiki mbili kabla kwa maelekezo ya daktari, na dawa zote za asili unazokunywa, hata vitunguu saumu vya vidonge, mtajie bila kuficha mana vingine vinafanya damu isigande.

Na hayo matone, anza kwa kuacha tundu ya kushoto inayopitisha hewa vizuri, ya kulia msubiri daktari.

Shangazi